Daftari la Ajali

Kesho anakuja mkaguzi.
Tangu mchana zahanati yetu ya Buza
imekuwa kama nyumba inayongoja posa.
Maboksi ya dripu yametolewa mlango wa nyuma,
mlango ambao mimi, mwaka wa sita hapa,
leo ndiyo kwanza nauona ukifunguka.

Kizimamoto kimevuliwa koti la Daktari Rweyongeza.
Kumbe kina mshale, na mshale umelalia nyekundu,
tangu lini, ukuta ndio unaojua.
Fundi kaleta kipya, kakipigilia,
kadai hela yake na soda.

Kisanduku cha njano kiko chini ya meza ya sindano,
kimekunjuliwa leo, hakijala hata ncha moja.
Jana pale palikuwa na chupa ya maji
iliyokatwa shingo.

Nami nimekabidhiwa daftari.
“Jaza, Sista Tumpale. Kurasa tupu zitatuponza.”
Tarehe. Jina. Aina ya ajali. Hatua iliyochukuliwa.
Nimeandika Hakuna. Nimeandika Hakuna.
Neno jepesi, linateleza
kama kandambili kwenye sakafu yenye jiki.

Kandambili.

Ilikuwa Januari, jioni, umeme umekatika,
mfagiaji wetu kabana tochi ya simu kwa meno,
mfuko wa taka mkononi.
Sindano ilipita kwenye mpira
kama uzi unavyopita kwenye kanga.
Hakupiga kelele. Alisema “Ah,”
kama mtu aliyekumbuka kuwa chumvi kaiacha dukani.

Nilimwosha kwa sabuni na maji ya bomba.
Tukaenda Temeke usiku ule ule kutafuta dawa,
siku ishirini na nane, na kila siku alitapika.
Mumewe akafurahi, akadhani ni mimba.
Chanjo ya homa ya ini tulichanjwa wenye makoti meupe;
ya mfagiaji, tuliambiwa, haimo kwenye bajeti.
Majibu ya mwisho niliyasoma mlangoni.
Alisikiliza, akashukuru,
akauliza kama chumba cha sindano kimeshapigwa deki.

Yupo hapo sasa, saa tatu usiku,
na buti za kijani zilizonunuliwa leo,
namba tisa kwenye mguu wa namba tano,
magazeti yamejazwa vidoleni.
Kila hatua zinamjibu: kwakwa, kwakwa.

Nimelikata Hakuna kwa mstari mmoja tu,
kama tulivyofundishwa chuoni,
ili lililokosewa liendelee kusomeka.
Chini yake nimeandika jina:
Sikudhani.
Nikasita. Mkaguzi ataona ni udhuru wetu.
Nikaongeza la baba yake, Mwinyikondo,
apate kujua kuwa ni mtu.

Ameegemea mpini wa deki, anasoma juu ya bega langu,
polepole, midomo ikicheza.
“Sista,” anasema,
“hujaandika mguu gani.
Ulikuwa wa kushoto.”