Vipimo vya Fortunato Quisbert

Suti ya kwanza niliyomshonea
ilikuwa ya kuondokea.
Kitambaa cheusi, bitana laini, mifuko ya ndani mitatu:
mmoja wa kalamu, mmoja wa tiketi ya basi la La Paz,
wa tatu hakuniambia.
Enzi zile ngazi ilikuwa moja, na ilielekea juu.
Kura zetu zilikuwa vidato,
na nani hukumbuka kidato akishafika darini?

Miaka saba tulimwona gazetini tu,
nyuma ya bega la waziri.
Mto ulipobeba daraja letu
tulimwandikia barua nne.
Jibu lilikuja moja, lina mhuri,
likitushukuru kwa uvumilivu.

Kisha sheria ikabadilika.
Fedha zikaanza kushuka mlima zenyewe
hadi benki ndogo inayotazamana na cherehani yangu,
na sahihi ya meya ikapata uzito.
Wiki haikuisha, Quisbert huyo mlangoni,
kofia mkononi,
ananisalimia kwa Kiaymara kilichoota kutu.

“Hilarión, nishonee koti la kazi.
Lisionekane jipya.”

Nikalishona. Nikalifua mara tatu kwa magadi,
nikalisugua viwiko kwa jiwe.
Alishinda kwa kura sitini na moja.

Sasa daraja lipo. Sisemi uongo, lipo:
punda wa Casimira anavuka bila kulowa kwato.
Na jina lake nalo lipo, kila baada ya hatua kumi,
na utepe ulikatwa wiki mbili kabla ya uchaguzi.
Bomba la maji, ambalo likishafukiwa halipigwi picha,
lingali kwenye makaratasi.

Mke wangu anasema heri huyu, angalau
tunajua anakolala, tukikasirika tunamgongea.
Kweli, tumemgongea mara mbili.
Mara ya pili alifungua.

Jana amekuja tena. Kuna kiti cha gavana.
Anataka rangi ya katikati,
isiyomtisha mkulima wa viazi
wala kumchekesha tajiri wa mjini.
Nilimzungushia utepe kifuani, akavuta pumzi,
nikamwambia aiachie, sipimi pumzi.

Alipofika mlangoni akageuka.
“Acha kitambaa cha ziada kwenye mishono,” akasema,
“huwezi kujua.
Huenda wakaibadilisha tena sheria.”