Pimamaji

Kikombe cha tatu wiki hii.
Dada yangu Kidawa alikunywa nusu, akageuka
kumjibu mama, akakiachia hewani
kama mtu anayekitua mezani.
Meza haikuwapo.
Kwa miezi saba hakuihitaji.
Chai ikatiririka hadi mlango wa uani
na mama, bila neno, akaufuata ufagio.
Jioni akarudi na vikombe vya bati
kutoka Barabara ya Kumi na Mbili.

Mimi ni fundi baiskeli. Ya angani siyajui.
Najua rimu iliyopinda kwa mlio wake,
najua spoku iliyolegea kwa ncha ya kidole,
na ninayo pimamaji ya marehemu baba, ya mbao,
kiputo kimoja ndani ya kioo
kinachojua usawa kuliko mimi.

"Hiyo hiyo," alisema Kidawa, "unayo kila sikio.
Vijiwe, vidogo kuliko chembe ya chumvi,
vimekaa juu ya utelezi. Ukiinama, vinainama,
ubongo unapata habari.
Kule vijiwe vikaelea, habari zikakatika.
Siku ya kwanza ubongo ulipiga kelele, nikatapika.
Siku ya nne ukasema: haya,
nitayaamini macho peke yake."

Alirudi uso umevimba, miguu ya korongo.
Maji ya mwili yalipanda kichwani
yakakosa pa kushukia.
Hata ubongo ulipanda. Tunayo picha:
umeusogelea utosi, umejibana pale
kama watu juu ya paa siku ya mafuriko,
na katikati, vile vyumba vya maji vimepanuka.
Mama aliishika picha dirishani, akaigeuza,
akauliza, "Vyumba vimeongezwa? Anahamia nani?"
Kidawa akacheka hadi akashika ukuta.
Kicheko kikaisha.
Ukuta hakuuachia.

Usiku hujifunga kanga kiunoni,
ncha moja kwenye ubao wa kitanda.
Asubuhi shuka ni nzito, saa ya mkononi nzito,
mdomo wenyewe mzito.
"Nilizoea kuongea na ulimi usio na uzani.
Sasa kila neno nalinyanyua."
Ngamiani wanasema amerudi na maringo,
haitikii salamu.
Anaitikia. Salamu iko njiani, inabebwa.

Jumapili alfajiri, maduka yangali na makufuli,
nikamtolea Foniksi ya bluu, nikashika tandiko.
Zamani, nina miaka sita, mshikaji alikuwa yeye,
akaniachia bila kuniambia.
"Usiniachie."
"Sijaachia."
Akakata kulia pasipo kona.
"Barabara imeinama," akasema.
Haikuinama.
"Imeinama, wewe."
Nikaitazama sana, mpaka na mimi
nikaanza kuuona mteremko.

Mara ya tano tukaanguka wote,
pedali ikanichuna ugoko.
Yeye alibaki chali juu ya lami yenye umande,
viganja wazi, kimya kupita kiasi. Nikaogopa.
"Inanivuta," akasema.
Nini?
"Hii." Akaipiga lami kofi dogo,
kama unavyompiga ng'ombe unayemjua.

Daktari ameandika: vile vyumba
huenda vikachukua miaka mitatu kusinyaa,
huenda visirudi vyote.
Vikombe vya kaure viko juu ya kabati, ndani ya gazeti.
Spana zangu nazo zimehamishwa.

Ila kila magharibi mama anamketisha mkekani.
"Fumba macho. Nionyeshe chini."
Kidole kinaondoka, kinasita,
kinaelekea mlangoni, kwa viatu vyetu.
"Kidogo huku," anasema mama,
na anakishika kile kidole cha mtu mzima
kama alivyokishika mwaka wa kalamu ya kwanza,
anakisogeza,
anakisogeza.