Theluthi

Mimi karani tu, kazi yangu kuchapa.
Wosia hupita vidoleni mwangu kama mchele kwenye ungo:
wenyewe huondoka na punje, mimi nabaki na pumba.
Nimeshachapa shamba la minazi lenye ndugu saba na kesi tisa,
nimechapa cherehani, nimechapa jokofu bovu,
na bwana mmoja wa Chumbageni
aliyemwachia mkewe "msamaha wangu", basi.

Jumatatu hiyo akaja Bi Mwantumu Shekalaghe,
miaka thelathini na moja kiwanda cha kamba,
kifua bado kinakohoa mkonge.
Akatoa kikapuni hati ya nyumba, Barabara ya Kumi na Tano,
na daftari la shule, pembe zimeliwa na mende.

"Andika. Nyumba ina vyumba sita.
Vinne vya wanangu, sheikh atawagawia, hilo si langu.
Viwili vya uani, kodi yake
iingie Mfuko wa Mtaa, mwezi hadi mwezi,
mimi nikiwa sipo."

Wakili akashusha miwani: "Theluthi, bibi. Isizidi."
"Nimepima kamba maisha yangu yote, mwanangu.
Viwili katika sita. Sijazidisha hata uzi."

Mdomo wangu hauna kitasa. Nikauliza:
mfuko wa nini, na wajukuu unao?

Hakunijibu. Akafungua daftari.
Mwaka themanini na saba, masika, siku aliyofiwa na mume.
Mwandiko wa mtu mwingine, wino umekuwa rangi ya chai:

Mzee Semkiwa, fundi baiskeli, shilingi hamsini.
Mama Bahati wa maandazi, unga kilo mbili.
Mgosi Kaniki, nusu ya sanda.
Mpangaji wa kwa Mama Hoza, jina hakutaja, shilingi tano.

Kidole chake kikasimama hapo.
"Semkiwa nilimlipa; alipofiwa nilimpikia siku tatu.
Bahati, nilimlelea pacha. Kaniki nilimlilia.
Huyu wa shilingi tano alihama kabla ya arobaini.
Sijui kabila lake, sijui dini, hata sura.
Nimemuuliza kila mtu, hadi wauza maji.
Sasa deni hili nalilipa wapi,
kama si kwa kila asiye na jina
atakayekuja kupanga mtaa huu?"

Mashine yangu ilikuwa kimya. Feni nayo, umeme umekatika.

Kesho yake akaja Zahoro, mwanawe,
ufunguo wa pikipiki ukizunguka kidoleni.
"Mama, chumba kile cha uani nilizaliwa mimi."
"Ndiyo. Na maji ya kukuogeshea alichota nani?
Mimi nilikuwa nimelala."
Sisemi alikubali. Alisoma karatasi mara mbili,
akaomba peni, akasahihisha herufi moja ya jina lake,
akatoka bila kuaga.

Bi Mwantumu akaongeza neno la mwisho:
kibao chenye jina lake kisiwekwe.
"Kibao hutaka rangi kila mwaka, na rangi ni pesa.
Pesa hiyo mtoto wa mtu anunuliwe tairi,
shule ya sekondari ni mbali."
Kisha akatia saini, herufi moja moja,
kama alivyofundishwa jioni, ukubwani,
ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.
Mashahidi wawili. Muhuri. Nikagonga.

Jioni, nikirudi zangu Makorora, nikaihesabu mali yangu:
godoro, redio, sufuria tatu,
na hii baiskeli ninayoipanda.
Theluthi ya sufuria tatu ni sufuria.
Lakini theluthi ya baiskeli?
Gurudumu ni nusu, litazidi.
Tandiko, labda. Pampu.
Nilipofika kona nikakuta watoto wamekaa njiani,
nikapiga kengele, wakacheka, wakapisha.

Kengele, basi.
Nianzie na kengele.