Fundi Bomba Aulizwa

Comodoro, mwisho wa Machi, upepo unatikisa antena.
Nimeitwa ghorofa ya tatu: hodhi la kuogea halishushi maji.
Nilidhani nywele. Huwa ni nywele.
Nikaingiza waya, nikazungusha, nikavuta:
magamba ya dagaa,
manyoya mafupi, magumu, kama meno ya brashi iliyochakaa,
na harufu iliyonifanya nimtazame mwenye nyumba mara mbili.

"Usimwambie mtu," akasema Bi Delfina Antilef,
akafungua mlango wa stoo.

Alikuwa amesimama kati ya ndoo na ufagio,
pengwini, kimo cha mtungi mdogo wa gesi,
mikanda miwili myeusi kifuani,
nusu amenyonyoka, kama mto wa kulalia uliopasuka.
Akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine,
kama karani wa benki anayelinganisha sahihi.

Alimwokota Oktoba ufukweni, amelowa mafuta ya meli.
Alimwosha mara saba kwa sabuni ya vyombo.
Akampa jina la marehemu mumewe. Hapana,
akajisahihisha, lile la utani, la nyumbani tu.
Kilo ya dagaa kwa siku, na pensheni haijui dagaa.
Choo kila robo saa:
"Amenimalizia magazeti ya jengo zima."
Na usiku analia kama punda,
hata Bwana Iturrioz wa chini alipanda ngazi na viatu vya kulalia
kuuliza ni nani amefuga punda.

"Wewe fundi," akasema, "huna haja ya kunifurahisha.
Anafaa kufugwa, au hafai?"

Waliosoma wangemwambia habari za sheria,
za ukungu unaoota mapafuni,
za nyayo zinazooza kwa kukanyaga saruji.
Mimi najua mabomba.
Nikamwambia nilichokiona muda ule ule:
nilipofungua mfuniko,
huyu bwana alitoka stoo, tapu, tapu, tapu,
akainamisha kichwa juu ya tundu,
akatulia. Anasikiliza.

Mama, bomba hili linashuka ukutani,
linapita chini ya duka la dawa, chini ya shule,
linakwenda baharini. Yote huishia baharini.
Mimi nimejua hilo kwa kazi ya miaka ishirini.
Yeye, sijui nani kamwambia.

Ukipenda boga, penda na ua lake.
Na ua la huyu ni wenzake laki mbili
wanaonuka, wanaogombea mashimo,
wanaopigana vichwa kwa sababu zisizoeleweka;
ni maji baridi yasiyo na ukuta upande wa pili.
Ua hilo utalipanda wapi, mama?
Kati ya ndoo na ufagio?

Hakujibu. Alinimiminia chai chungu,
akampangusa ndege mdomo kwa ncha ya aproni.

Aprili, manyoya mapya yalipoziba maji yasipenye,
tulimpeleka kwa gari langu, ndani ya kreti la nguo,
katikati ya masinki na koki.
Ufukweni alisimama kitambo,
akajikung'uta, akatembea kama mtu aliyechelewa kazini.
Wimbi la kwanza lilimwangusha.
La pili halikumkuta.

"Hata kuaga," akasema Bi Delfina.
Hakuwa na hasira. Alikuwa anashikilia kofia yake
kwa mikono yote miwili.

Juni akapiga simu: hodhi limeziba tena.
Nikaingiza waya. Ukashuka mweupe, bila kugusa kitu.
Maji yalikuwa yanakwenda zake.
Nyuma yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo,
akitazama mikono yangu.
Nikazungusha waya polepole, nikazungusha,
nikaomba chai, nikazungusha tena.

Kwenye risiti niliandika:
*Unyoya mmoja. Umetolewa.
Malipo: hakuna.*