Vidole Vinne Mbele

Wadi Kabir, saa tano. Bati la gereji linatokota.
Biju amelala chini ya Yamaha ya kaka,
chaki sikioni, sigara haijawashwa.
"Mguu wako mrefu," anasema kwa Kiarabu cha spana,
"chombo hiki kimezoea mtu mfupi."

Ndiyo. Kimemzoea Zahor.
Miaka ishirini na sita, Ruwi mpaka Quriyat,
magoti yake yakitulia pale pale
yangu yanapokunjwa kama kiti cha kukodi.

Tunasogeza vikanyagio vidole vinne mbele,
tunarefusha fito ya gia kwa bomba
lililokuwa mguu wa kitanda cha mtu.
Breki inainuliwa. Kidogo. Kidogo tena. Hapo.
Goti linashusha pumzi.

Ubavuni rangi imelika
kisigino chake kiliposugua,
doa la ukubwa wa tende.
"Matundu haya ya zamani, niyazibe?"
Feni inazunguka, upepo hauji.
"Yaache."

Narudi kwa mlima wa Amerat,
miguu imenyooka, gia ya tatu inaingia bila matusi.
Mara mbili kisigino kinarudi nyuma,
kinapapasa alipokuwa akikanyaga,
kinakuta hewa.