Yai la Gramu Hamsini na Tisa

Miaka ishirini na sita lori la Lorient lilipanda kilima chetu
kila Jumanne ya pili,
likaingia uani kinyumenyume, likatapika soya ghalani,
na vumbi lake la rangi ya haradali likatua
juu ya madirisha, juu ya shuka za mama kambani,
juu ya kahawa yangu kabla ya shule.
Nimekua nikila soya bila kuila.

Hatukuuliza ilikotoka. Risiti ilisema Brazili,
na Brazili ilikuwa neno kwenye risiti,
mpaka baba alipochota koleo moja
akakuta katikati ya unga mdudu mkavu,
mgongo wake wa kijani unang'aa kama kifungo cha sare.
Alimlaza kwenye kisanduku cha kiberiti,
akamweka mezani, kando ya chumvi.
"Huyu alikuwa na kwao," alisema.
Hiyo ndiyo hotuba yake yote. Baba si mtu wa mikutano.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Kwetu kuku walikuwa wenyeji,
mgeni alikuwa chakula,
na kamba tulifungwa sisi.

Novemba ile tulilima shamba la chini, lile la mawe,
tukapanda maharage mapana,
yale ambayo bibi aliyaita ya farasi.
Gwendal Kerbrat alisimamisha trekta barabarani:
"Mnalisha kuku, au mnafuga vidukari?"
Mwezi wa tano vidukari walifika kweli,
weusi, wamebanana shinani kama masizi ya chungu.
Lakini maua pia yalifika,
meupe, kila moja na doa jeusi,
jicho lililotiwa wanja,
shamba zima likitutazama tukipita.

Tulivuna. Tukasaga. Tukamimina.
Kuku mia tisa walidonoa mara moja,
wakapekua, wakatupa pembeni,
wakatukazia jicho moja moja.

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Gramu sitini na tatu. Sitini. Hamsini na sita.
Mnunuzi wa Vannes akarudisha trei arobaini
na barua yenye adabu nyingi mno.
Usiku ule nilimwambia baba:
"Mdudu wako ametugharimu yuro elfu tatu."
Hakujibu. Alitoka.
Nikasikia pipa la chuma likizunguka juu ya moto,
mbegu zikigongana ndani yake kama mvua ya mawe,
hadi saa nane.

Kukaanga peke yake hakukutosha.
Bi Le Bihan wa ushirika alileta mbegu nyingine,
isiyo na ile sumu ndogo inayosinyaza yai.
"Na maharage hayajitoshi," alisema,
"yatafutieni mwenzi."
Hatukuwa na mwenzi.

Asubuhi moja ya ukungu
tulikuta mlangoni magunia mawili ya mashudu ya alizeti,
na alama za matairi tunayoyajua.
Hakuna aliyemtaja Gwendal.
Mama alimpelekea trei mbili za mayai,
naye hakuuliza za nini.

Sitini na tatu haikurudi. Niseme ukweli.
Lori nalo bado huja, mara mbili kwa mwaka,
kwa ajili ya vifaranga,
na dereva hukaa kitako anywe kahawa,
asema kilima hiki amekikosa.

Leo nimepima yai: hamsini na tisa.
Nikalivunja kwenye kikaango.
Kiini si cha rangi ya matangazo,
ni cha siagi ya mwezi wa tatu,
ng'ombe akiwa bado hajaonja majani mapya.
Baba akachovya mkate, akatafuna, akanyamaza,
akanyoosha mkono kuchukua chumvi.

Kisanduku cha kiberiti kiko palepale.
Hakuna anayekifungua.
Ila kila anayetaka chumvi
hukisogeza kidogo kwa kidole,
taratibu,
kama mtu anayempisha mgeni.