Kitabu cha Matukio, Lango la Pili

Saa moja jioni. Nimepokea zamu kwa Otwori.
Tochi moja, rungu moja, funguo kumi na nne,
birika linalovuja tangu Pasaka.
Upper Hill inawasha taa ghorofa baada ya ghorofa,
wenye magari wanateremka bila kunitazama,
nami nawapungia, ndiyo kazi.
Huko Bremen ni saa kumi na mbili.
Wakesho anatoka maabara.

Hilo siliandiki. Kitabu ni cha kampuni.
Ila nalijua, kama ninavyojua
nani huacha dirisha wazi ghorofa ya tisa:
anatoka, anazungusha skafu mara mbili,
anapitia ile mashine inayomeza chupa tupu
na kumtemea sarafu.
Chupa nne, mkate mdogo.
Aliponisimulia nilicheka, kisha nikanyamaza,
maana mamaye naye aliokota chupa
Gikomba, mwaka tuliomzaa.

Hunitumia sauti, dakika mbili mbili.
Nazisikiliza simu ikiwa sikioni, kama redio siku ya mpira.
Baba, leo nimemsalimu mtu kwenye lifti, akatazama viatu vyake.
Baba, ni Jumapili, maduka yote yamefungwa, nimekula wali na chumvi.
Baba, nimepata unga kwa Mturuki, wa njano,
ugali umekataa kushikana, nimeula kwa kijiko,
usimwambie nyanya.
Baba, zamu yangu ya kufua ni Jumanne saa tano usiku,
na mzee wa chini hugonga bomba nikitembea na viatu.
Baba, profesa kasema kazi yangu si mbaya.
Wenzangu wanasema hapo nimesifiwa.

Baba, wameiba baiskeli.

Miaka kumi na saba nimelinda mali za watu.
Hata ufagio haujapotea lango la pili.
Na baiskeli ya mwanangu imebebwa mlangoni pake,
kufuli likaachwa chini kama mfupa uliokwisha kuguguniwa.
Usiku ule nililizunguka jengo mara nane badala ya nne.
Sijui nilikuwa namtafuta nani.

Halafu usiku wa kuamkia Jumapili,
ile ya mwisho ya Oktoba, akapiga mwenyewe.
Baba, leo saa zinarudishwa nyuma.
Nani anazirudisha?
Wao. Wote. Ikifika saa tisa inakuwa saa nane tena.
Nikamwuliza: na mlinzi aliye kazini,
hiyo saa ya pili analipwa?
Akacheka, kile kicheko chake cha zamani, cha meno yote,
akasema yeye yake ataitia kwenye usingizi,
mtihani uko Alhamisi.

Nikaingoja. Chai ikapoa mkononi.
Saa kumi kamili, kwetu,
mbwa wa jengo la jirani alibweka mara moja tu.
Hakuna kilichosogea.
Taa nyekundu juu ya mnara iliendelea kupepesa.
Lakini kati yetu palikuwa na saa moja,
sasa ziko mbili,
na hakuna aliyepiga hatua.

Kalamu ilikuwa baridi. Iliandika yenyewe:
*Saa 10.00. Bremen wamerudisha saa.
Wakesho amelala. Hakuna kilichoibwa.*

Asubuhi msimamizi, Bi Nyamoita, akafika na pikipiki,
akapitisha kidole mstari kwa mstari.
Kidole kikasimama.
Nikajiweka tayari kwa barua ya onyo.
"Bremen ni ghorofa ya ngapi?"
Juu kidogo, nikasema.
Akanitazama. Akatazama saa yake ya mkononi,
muda mrefu kuliko mtu anayetaka kujua saa.
Akatia sahihi,
na chini yake, kwa wino mwekundu:
*Doria iendelee.*